Debe la Maharage kwa Samaki wa Bure

Nakumbuka, mwanangu Kandida, siku niliyokula samaki aina ya mbasa wa bure pale Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, mpaka nikalegeza mkanda, huku mama yako akinikanyaga mguu chini ya meza. Nimeikumbuka tena jana uliponisomea ule ujumbe wa kwenye simu yako, kwamba wewe na mumeo mmechaguliwa kwenda kulala siku mbili kwenye hoteli ya ufukweni, chakula bure, chumba karibu na bure, sharti lenyewe mkae saa mbili kusikiliza maelezo ya wauzaji. Ukaniuliza, "Baba, twende?" Mimi nikacheka, wewe ukanuna. Sikukucheka wewe. Nilikuwa najicheka mwenyewe.

Najua kisa hiki umekisikia vipande vipande kwa mama yako. Lakini mama yako ananihurumia akisimulia, sehemu za aibu anaziruka. Mimi sitaruka kitu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Zamani kahawa ilikuwa na mlango mmoja wa kuuzia, chama cha ushirika. Ghafla wanunuzi wakawa wengi, magari yao yanapishana Mbinga mjini, na nyuma yao wakaja wauzaji wa kila kitu, redio, magodoro, mitumba, saa za kung'aa. Sisi vijana wa kijiji cha Matiri tukajiona tumefika mjini hata kama tumesimama katikati ya mibuni. Mimi nilinunua miwani ya jua, nikawa naivaa wakati wa kupalilia. Babu yangu, Mzee Kasiani, akiniona kwa mbali alikuwa akiuliza kama kuna mgeni shambani.

Mama yako, Benigna, nilimtoa Lituhi, binti wa mvuvi, nikampandisha milimani kwenye baridi yetu. Hakulalamika, ila asubuhi nyingine nilimkuta amesimama ukingoni mwa shamba akitazama upande wa ziwa, ambalo wala halionekani kutoka pale. Tulikuwa tumeshapoteza mimba mbili. Ya tatu ndiyo wewe. Sista wa hospitali ya misheni alimwambia waziwazi kwamba safari hii asithubutu kusubiri uchungu nyumbani, maana mvua za Januari zikishaanza barabara yetu haipitiki. Aje mwezi mzima kabla, akae hapo hapo karibu na wakunga, na awe na ndugu wa kumpikia. Jambo hilo lilihitaji kujiandaa. Kahawa yangu ya mwaka ule ilikuwa imeshakauka, imeshonwa kwenye magunia, imepangwa chumbani kwetu mpaka tukawa tunaingia kitandani kwa ubavu. Hiyo ndiyo ilikuwa ya safari ya mama yako. Mibuni alinigawia Mzee Kasiani, na mbele yake ndipo nilipoahidi kwamba kahawa ile haitagusa kitu kingine.

Sasa karatasi ya mwaliko niliipata kwa Mzee Salehe. Huyu alikuwa na duka Mbinga, wazee wake walitoka Kilwa, mtu mtaratibu, akikupimia sukari unaona haya kuangalia mizani. Kampuni moja ilikuwa imejenga hoteli karibu na Lituhi na ilikuwa inatafuta watu wenye ndoa, mke na mume, waje pamoja walale siku mbili bila malipo. Gari lao linakuja kuwachukua Mbinga. Mzee Salehe alikuwa ameshakwenda na mkewe, na alirudi amenawiri. Nikamuuliza wanataka nini hasa. Akasema wanauza wiki. Nikadhani nimesikia vibaya. Akanieleza kwamba hununui nyumba, unanunua wiki moja katika nyumba, kila mwaka wiki yako, mpaka unazeeka. Akasema yeye alikula, akalala, akasikiliza, akashukuru, akarudi dukani kwake.

Kisha akaniambia neno ambalo nilitakiwa kulifunga kwenye leso. "Gaudensi, jibu lako liache hapa hapa dukani kabla hujapanda gari. Usiende kulitafuta kule."

Nikamwambia, ah, Mzee Salehe, mimi siyo mtoto. Nikavaa miwani yangu.

Ukweli lazima niuseme, mwanangu, na ninausema kwa shukrani mpaka leo: zile siku mbili zilikuwa tamu. Mama yako aliposhuka kwenye gari na kuliona ziwa, alivua viatu palepale, akaenda mpaka maji yakamfika magotini, tumbo mbele, akasimama analia na kucheka. Tulilala kwenye shuka nyeupe ambazo niliogopa hata kujigeuza juu yake. Bibi yako mzaa mama alikuja kutoka kijijini kwake kumwona mwanawe, wakakaa mchangani asubuhi nzima wakiongea lugha yao ya kule, mimi nikiambulia neno moja moja. Sijawahi kumwona mama yako ana uso ule tangu siku ya harusi. Nami nikajiambia, hivi kwa nini asiwe hivi kila mwaka?

Hapo ndipo nilipoanza kulainika, na siku ya maelezo ilikuwa bado.

Kabla hatujafika kwenye maelezo, nikukumbushe kitu ambacho ninyi mmekikuta kimeshapungua nguvu. Sisi Wamatengo tulilelewa kwenye sengu. Kila nyumba ya ukoo inaleta ugali wake na mboga yake kwa babu, tunakaa mduara, tunakula pamoja, na tukishanawa ndipo maneno yanaanza. Nani kagombana na mkewe, nani mvivu, shamba lipi lilimwe kesho. Aliyekula haondoki mpaka maneno yaishe. Na uamuzi ukishatoka kwa wakubwa, kijana mwenye ugali wao tumboni hasemi hapana. Mimi nimekua hivyo tangu sijaota meno ya pili. Shibe na utii kwangu vilikuwa kitu kimoja.

Basi siku ya kuondoka, mchana, tukaitwa ukumbini. Viti vimepangwa mduara. Chakula kwanza: mbasa wa kukaanga, wali, mchicha, ndizi. Halafu kahawa. Kahawa ya kopo, mwanangu! Watu tunalima kahawa, mikono yetu imekuwa myeusi kwa kahawa, tunakorogewa unga wa kopo, na tukasema asante. Tuliponawa mikono, akasimama kijana mmoja mtanashati, Bwana Deo, mtu wa upande wa Songea, sauti yake laini kama ya katekista. Akaanza maneno.

Umeshaona? Mduara, chakula, kunawa, maneno. Wenzangu kutoka mjini walikuwa kwenye mkutano wa mauzo. Mimi nilikuwa kwenye sengu.

Bwana Deo hakutudanganya kwa ukali, hapana. Alikuwa anauliza tu. Akina baba, mnawapenda wake zenu? Ndiyo. Wake zenu wanachoka? Ndiyo. Wanastahili kupumzika? Ndiyo. Ukishasema ndiyo mara tano, mdomo unazoea. Kila mtu akikubali kuweka saini, kengele ndogo inagongwa na ukumbi mzima unapiga makofi, na yule aliyesaini anakaa wima kama amepata upadri. Mama yako akaninong'oneza, "Tumeshakula, tuage." Nikajikausha. Akanikanyaga mguu. Nikausogeza. Kwenye sengu wanawake wanakula kwao, mwanangu, na huo ulikuwa upofu wetu mwingine. Sikuzoea kusikia sauti ya mke katikati ya mduara, hata ilipokuwa ndiyo sauti pekee yenye akili mle ndani.

Bwana Deo akaja akaketi karibu yangu, akaniwekea samaki mwingine kwenye sahani. Akasema bei ile ni ya leo tu, kesho haipo. Nikasema fedha sina. Akasema hapana neno, amesikia nina kahawa. Niipeleke kwa wakala wao Mbinga siku ya Jumamosi. Nikamtazama samaki. Nikaona aibu inanipanda shingoni. Nimelala kwao siku mbili, nimekula kwao mara sita, halafu niinuke niseme hapana? Ningemwangalia vipi usoni?

Nikaweka saini. Kengele ikalia. Nyumba namba saba, wiki ya katikati ya Julai. Julai, mwanangu, wakati wa kuchuma kahawa! Nilinunua wiki ambayo hata mgonjwa wa Matiri haondoki shambani, na watu wakanipigia makofi.

 Tulipanda gari la kuturudisha, mama yako akakaa anatazama nje. Tulipofika kijiji cha Ruanda dereva akasimama kununua mkaa. Hapo ndipo aliponigeukia, hana hasira, bora angekuwa na hasira. Akasema, "Umeuza kitanda changu cha hospitali, umeninunulia kitanda cha ziwani."

  Palepale Ruanda nilivua ile miwani, maana hata dereva nilihisi anaona mtu mjinga amevaa miwani.

Kesho yake mchana tukakaa kwenye sengu kwa Mzee Kasiani. Sikutaka kwenda, lakini kutokwenda nako ni kutangaza. Nilikula matonge mawili. Baada ya kunawa nikaeleza yote, kichwa chini, hadi ile kengele. Wazee wakaguna. Mmoja akasema nipokonywe mibuni. Mzee Kasiani akanyoosha mkono wakanyamaza. Hakuniuliza juu ya kahawa hata kidogo. Aliniuliza yule samaki alipikwa na nani.

Nikasema na wapishi wa hoteli. Akauliza jina la mpishi. Silijui. Mtoto wa nani? Sijui. Akachomoa mwiba wa nyasi kwenye suruali yake, hakuwa na haraka mzee yule.

"Gaudensi, humu ndani tunakulisha sisi ambao mkeo akizidiwa tutambeba. Hawa wote unaowaona wameshika machela. Sasa niambie, kule ulikosema ndiyo, nani atashika ncha ya machela ya Benigna?"

Mwanangu, nililia mbele ya wazee wangu. Mtu mzima, mwenye ndevu. Nikamwambia, Babu, nilikuwa nimekula chao, niliona aibu. Nilitegemea atanifokea. Badala yake uso wake ukalegea, kana kwamba sasa ndiyo ameona ugonjwa ulipo. Akasema aibu hiyo yeye ndiye aliyenifundisha, na siyo mbaya, ila nimeipeleka mahali siyo pake. Akasema, "Basi umekula chao, wapelekee chako. Mkishakuwa sawa, mdomo wako utafunguka."

Akamwita bibi, akaagiza debe la maharage, yale mekundu kutoka kwenye ngolo zake, mashimo yetu ya kulimia ya mlimani ambayo bibi aliyachimba kwa mikono yake. Likajazwa mpaka likawa na kilima. Mama yako akaongeza mkungu wa ndizi. Nikafunga mzigo kwenye keria ya baiskeli, nikasukuma na kupanda mpaka Ruanda, na pale nikapata lori la wachuuzi wanaofuata samaki. Wachuuzi wakaniuliza napeleka wapi maharage. Nikasema naenda kulipia samaki. Wakasema huyu kijana jua limemwingia.

Nilifika Lituhi nimejaa vumbi hadi kope. Na bahati ilivyokuwa, nikawakuta mduarani, wageni wengine, sahani zimeshaondolewa, Bwana Deo kasimama katikati.  Nikaingia na debe begani, nikaliweka chini mbele yake, nikaweka na ndizi. 

Nikasema, "Hiki ni kwa samaki wenu na shuka zenu. Tulikula, tulilala, mke wangu alifurahi sana, tunashukuru. Kahawa siileti. Hiyo ni ya kujifungulia."

Kusema kweli nilitegemea anicheke, au aite mlinzi. Bwana Deo alinitazama, akalitazama debe. Akanishika bega akanitoa nje mpaka karibu na maji. Akasema tangu aanze kazi ile watu wanakimbia, wanapitia jikoni, wengine wanaacha hata mabegi yao ili wasimuage uso kwa uso. Hajawahi kuona mtu aliyesaini akarudi na mzigo wa kushukuru. Akaniuliza mke wangu ana miezi mingapi. Nikamwambia sita, nikamweleza na zile mimba mbili za mwanzo zilizotoka. Akaingia ofisini, akatoka na karatasi yangu, akaichana mbele yangu vipande vinne, akanipa mwenyewe nivishike. Halafu akauliza kama maharage yale yanaiva haraka. Nikamwambia yaloweke usiku kucha. Sijamwona tena maishani, lakini kila nikisali namtaja, pamoja na Mzee Salehe ambaye dini yake ni nyingine na najua haimchukizi.

Ulizaliwa Januari, Kandida, mvua inapiga bati za hospitali hadi watu hawasikilizani. Mama yako alivuja damu nyingi baada yako. Wakunga walikuwa hatua tano kutoka kitandani kwake. Sista alinitokea mlangoni amelowa jasho, akaniambia kwamba siku ile, na barabara ile, tungekuwa Matiri ningewakosa wote wawili. Nilikwenda kuketi kwenye benchi, nikapapasa mfukoni, nikakuta vile vipande vinne. Nilikuwa bado navibeba.

Ile kampuni iliondoka mwaka uliofuata. Nyumba namba saba haikuwahi hata kupauliwa. Kuta zake nimeziona mara nyingi tukienda kwa bibi yako, zimeota majani na mbuzi wanalala humo. Lakini sitaki ufikiri nimekusimulia ili uogope. Miaka ya baadaye mimi na mama yako tuliitwa tena kwingine kwa mtindo uleule, Songea, na tukaenda. Tulibeba karanga. Tulikula vizuri, tulisikiliza saa mbili zao zote bila kusinzia, maana ndivyo tulivyokubaliana nao, na ilipofika zamu yetu mama yako ndiye aliyejibu. Alisimama akawashukuru mmoja mmoja, akasema hapana, akaketi. Tukalala usingizi mzito kwenye vitanda vyao.

Kwa hiyo nendeni, mwanangu. Tangu uolewe hamjapata hata siku mbili za kukaa peke yenu, na anayekualika kwa heshima si adui. Ila leo hii, kabla hujawajibu kwa simu, kaa na mumeo hapa nyumbani mseme jibu lenu kwa sauti, mlisikie nyote wawili, na mkifika kule lisibadilike hata wakiwaletea ng'ombe mzima. Wakikuambia bei ni ya leo tu, waambie nyumbani kwenu mambo huamuliwa kesho. Mumeo akianza kulainika, mkanyage mguu, na asipousikia huo mguu, simama useme wewe. Usione aibu kwa kula ulichokaribishwa. Shukuru sana, shukuru mpaka wachoke, lakini shukrani yako iwe ya mdomo na ya zawadi ndogo, siyo ya kile ulichowawekea watoto mtakaowapata. Na siku ukiwa na jambo zito la kuamua, lipeleke kwa wanaojua jina lako na la mama yako. Sisi wenyewe tungali hapa, machela tunaweza bado kuishika, ingawa mimi itabidi nipumzike njiani.

Mungu aliyekuvusha Januari ile akutangulie barabarani, akupe usingizi mzuri katika shuka za watu na akurudishe kwenye zako. Akulinde wewe na mumeo, akupe uzao, na siku mguu wako ukitaka kuteleza akuletee mtu wa kukuuliza swali kama lile la Mzee Kasiani. Ukifika huko, ingia jikoni umwulize mpishi anaitwa nani. Maharage mama yako ameshayafunga, yako pale mlangoni.